Viroba ishirini vya samadi

Jumatatu, Ilala na bondeni

Saa kumi alfajiri Soko la Ilala lilikuwa limechangamka kuliko mimi. Mchicha unafika kwa pikipiki, umefungwa kwenye mashuka yaliyoloweshwa maji, na mzigo umemzidi dereva hadi haonekani. Unachokiona ni taa moja na kijani kingi. Kabla mzigo haujagusa chini wanawake wameshauzunguka. Hakuna mizani. Mnunuzi anapenyeza mkono katikati ya tita, anabonyeza shina kwa kidole gumba kupima ubichi, anataja bei, anaondoka kwa hasira ya uongo, anaitwa, anarudi.

Nina likizo ya wiki moja na jambo la kuamua. Marehemu baba aliniachia nusu ekari Gezaulole, Kigamboni, inayopakana na shamba la dada yake. Madalali hunipigia simu kila mwezi kuhusu hiyo nusu ekari. Shangazi naye hunipigia kila mwezi kuhusu hiyohiyo, ila yeye hataki niuze. Anataka nilime, tena nilime kama yeye, bila mbolea ya chumvichumvi na bila dawa za dukani. Kilimo hai. Mimi ni mtu wa hesabu za stoo, napenda kujua kitu kimeingiaje kabla hakijatoka. Mchicha unang'olewa na mizizi yake, unaletwa mjini, unaliwa. Sasa kile alichokula mchicha huko shambani kinarudi kwa njia gani? Nikaona nianzie huku unakoliwa, nirudi nyuma mpaka kwa shangazi.

Nilimchagua mama mmoja aliyeonekana hana haraka.

"Shikamoo mama. Huu mchicha umetoka wapi?"

"Marahaba. Shambani, baba."

"Shamba la wapi?"

"Unanunua au unaandika?"

Nikanunua mafungu matatu, ndipo akanionyesha kwa kidole: ule wa Kigamboni, ule wa Bunju, ule wa bondeni. Wateja huwa wanauliza? Wanauliza, akasema, siku hizi wengi, hasa wenye magari. "Wananiambia, mama, usinipe wa bondeni. Nami nawapa wa Kigamboni." Niliyatazama yale matita matatu, yote yamelowa, yote kijani, nikashindwa kujua lipi ni lipi hata baada ya kuonyeshwa. Nilipoinua uso alikuwa ameshahamia kwa mteja mwingine.

Alasiri nilishuka bondeni upande wa Kigogo. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti kwenye viwanda na machinjio, unapokea mitaro ya kila mtaa ulio njiani, kisha unamwaga baharini pale Daraja la Selander. Katikati ya safari hiyo kuna matuta ya mchicha na matembele yaliyonyooka kana kwamba yamepigwa kamba. Niliyemkuta akimwagilia, ndoo moja kila mkono, alikuwa mama wa rika la shangazi. Alinikaribisha nikae kwenye gogo, akaniambia ana miaka mingi hajanunua mbolea.

"Mbolea ya nini? Maji yenyewe mbolea."

Ni kweli tupu, na hapo ndipo gogo lilipoanza kunichoma. Maji machafu yana naitrojeni na fosforasi, vyakula vya mimea, ndiyo maana tembele lake lilikuwa limenawiri kuliko yote niliyoyaona asubuhi. Hatumii urea, ile mbolea ya viwandani, hapulizi dawa. Ukimhoji kwa orodha ya vitu asivyotumia, anafaulu mtihani wa kilimo hai bila kusoma. Lakini watafiti wameshapima udongo na mboga za bonde hili mara kadhaa, wakakuta risasi, kadmiamu na madini mengine mazito. Kinyesi huoza. Risasi haiozi, inakaa udongoni ikimngoja mpandaji wa mwaka kesho. Ile orodha ya shangazi ya vitu vya kuacha nikaiona ina pengo: haisemi kitu kuhusu maji ya nani yanapita kwako.

Sikumfundisha. Anajua, alinitajia mwenyewe kwamba wajukuu huwapikia ya tuta la juu, analolimwagilia kwa maji ya kisima. Nilipomuuliza kwa nini hapandi walau migomba ya kushika ukingo usimeguke, alinyoosha mkono kwenye vifusi vya nyumba ng'ambo ya mto. Mradi wa kuendeleza bonde umeshahamisha watu wengi na yeye anangoja zamu yake.

"Mchicha wiki tatu, nne, nimevuna. Mgomba nimpandie nani?"

Jumanne, Pugu

Mnada wa mifugo wa Pugu hupokea ng'ombe kutoka Shinyanga, Singida, Dodoma na kwingineko, wakishuka kwenye malori kwa miguu iliyokufa ganzi. Wengine walikuja kununua nyama ingali inatembea. Mimi nilifuata kile inachokiacha nyuma. Ukikaa ukafikiri ni ajabu: nyasi za Usukumani zimesafiri tumboni mwa mnyama nusu ya nchi, zikaja kuangukia Pugu zikiwa bado na rutuba ya kwao. Hakuna anayewalipa Usukumani kwa hilo.

Kijana wa samadi aliona viatu vyangu vya ofisini, akataja bei ya viatu. Tulianzia shilingi 4,000 kwa kiroba, tukafika 2,500 baada ya mimi kuondoka mara mbili kwa ile hasira ya uongo niliyojifunza Ilala. Viroba ishirini.

"Ya zamani au mbichi?" nikauliza, nikijidai mjuzi.

"Ya zamani, bosi. Kuku wanalala juu yake."

Sikuelewa kuku wanahusikaje, lakini niliipokea kauli ile kama cheti.

Swali lenyewe nililipata kwa uchungu. Miaka mitatu nyuma nilipanda sukuma wiki kwenye ndoo kumi na mbili uani kwangu Tabata, nikazishindilia mbolea ya kuku iliyotoka bandani siku hiyohiyo. Siku ya nne majani yalikuwa yameungua kingo kama yamepitiwa pasi. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi ina amonia nyingi, mizizi michanga haiiwezi. Shangazi alicheka kwenye simu mpaka salio lake likaisha.

Dereva wa kirikuu alipakia akasema atapitia Mbagala na Kongowe, atokee Kibada, tukutane Gezaulole Alhamisi. Kabla ya kurudi mjini nilipita jirani na dampo la Pugu Kinyamwezi. Harufu inakupokea mapema kuliko dampo lenyewe. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na takataka zao nyingi ni za jikoni: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, ukoko, mabaki ya mboga zilezile za Ilala. Zikishachanganywa na betri, nepi, chupa na nailoni haziwezi tena kuwa mboji ya kuaminika. Zinalundikana, zinaoza bila hewa, zinatoa gesi ya methani. Nilikuwa nimetoka kulipa elfu hamsini kununua rutuba ya kutoka Usukumani, na hapa malori yamepanga foleni kuitupa ya kwetu.

Jumatano, mjini

Kahawa chungu na kashata Kariakoo, na rafiki yangu wa shule ambaye sasa ni bwana shamba, kasomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nilimsimulia habari za viroba kwa fahari. Akaomba kalamu.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi ya ng'ombe iliyokauka, ukijaliwa, ina asilimia moja na nusu. Kuzipata kilo 23 hizo kwa samadi unataka tani moja na nusu. "Umenunua viroba vingapi?" Ishirini, kila kimoja kama kilo 25. "Nusu tani. Basi umenunua theluthi moja ya mfuko wa urea, na bado hujamlipa wa kirikuu."

Huyu si adui wa kilimo hai, ila hapendi kikisifiwa kama mgombea. Akanikumbusha Sri Lanka, iliyopiga marufuku mbolea za viwandani mwaka 2021 kwa mkupuo mmoja. Mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaanza kurudi nyuma. Udongo uliozoea kulishwa kwa kijiko haujifunzi kutafuna kwa msimu mmoja. Tafiti zilizokusanya matokeo ya mashamba mengi duniani, akasema, zinaonyesha mavuno ya kilimo hai yako chini kwa wastani wa asilimia 20 hivi, na pengo linapungua pale mkulima anapochanganya na kuzungusha mazao.

"Kwa hiyo nirudi na urea?"

"Kwenye mchanga wa Kigamboni urea ni kama mshahara. Tarehe moja imeingia, tarehe tano haipo. Na ulikuwepo 2022, mfuko ulipopita laki na ishirini mpaka ruzuku ikaushusha hadi 70,000. Anayetegemea mfuko anategemea pia vita vya watu wasiomjua." Samadi inatoa kidogokidogo, na inaacha kitu nyuma. Kwa fosforasi akanitajia Minjingu, mwamba unaochimbwa Manyara na kusagwa, ambao hata kanuni za kilimo hai zinaukubali.

Kuhusu vyeti nilipata maelezo marefu nitakayoyafupisha, kwa sababu kahawa ilikuwa imepoa. Kilimo hai chetu kilikua kwa kutazama meli: pamba ya Meatu, kakao ya Kyela, viungo vya Zanzibar. Anayetaka kuuza Ulaya shamba lake hungoja miaka miwili kwa mazao ya msimu na mitatu kwa ya kudumu kabla halijakubalika. Kwa soko la hapa nyumbani kuna kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007 na nembo yake ya Kilimohai, na wakulima wadogo wasiomudu kampuni ya ukaguzi wanaruhusiwa kukaguana wenyewe kwa vikundi. Mkakati wa taifa wa kilimo hai ulizinduliwa Novemba 2023. "Karatasi zipo," alisema akilipa kahawa zote, ambalo ndilo jambo lililonishangaza zaidi siku hiyo.

Alhamisi, Gezaulole

Pantoni saa mbili asubuhi, kusi imeshika na baridi ya kipupwe inapenya shati. Ng'ambo, daladala kupitia Mjimwema. Kila baada ya shamba kuna kibao: VIWANJA VINAUZWA, MAONGEZI YAPO. Mawe ya mipaka, meupe na mapya, yamechomoza kwenye mihogo kama meno ya mtoto.

Gezaulole ni Kizaramo: jaribu uone. Shangazi hulitumia jina hilo kama hoja, na huwezi kubishana na jina la kijiji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Njoo uone ulichonunua."

Kirikuu ilikuwa imenitangulia. Shangazi alikuwa amemwaga kiroba kimoja juu ya turubai, amechuchumaa, anavunja bonge na kulinusa. Nusu mbichi, akasema. Pembeni alikuwa ameanzisha kilundo kingine: vipande vya nailoni, kamba za plastiki, kifuniko cha soda, na bomba la sindano ya mifugo bila sindano yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019. Samadi ya Pugu haikupata taarifa. Tulichambua viroba vyote ishirini kwa mkono, tukitafuta zaidi ya yote ile sindano. Hatukuiona. Ilipofika adhuhuri mgongo wangu ulikuwa umeelewa maana ya neno "hai".

Baada ya chakula, wali na kunde za nazi, akaleta chupa mbili za maji za lita moja na nusu zilizokatwa matako, zimepinduliwa, shingo zimefungwa kitambaa. Moja akaijaza mchanga wa kipande changu, nyingine udongo wa tuta lake. Akanipa glasi mbili za maji nimimine kwa pamoja. Ya kwangu yalishuka kabla sijaweka glasi chini, meupe kama yalivyoingia. Ya kwake yalisita, yakazama, kisha yakaanza kudondoka tone moja moja, rangi ya chai ya rangi. Nilichungulia: zaidi ya nusu ya maji yalikuwa yamebaki humohumo.

"Maji yako yameenda wapi?"

"Chini."

"Na mbolea yako ingeenda hukohuko. Chini kuna nini?"

Chini kuna kisima, kile tunachochotea maji ya kunywa, futi chache tu kutoka hapo.

Hiyo tofauti kati ya chupa mbili imemchukua miaka kumi na tisa. Mchanga wa pwani hauna cha kushikilia rutuba; mboji ndiyo inayougeuza kuwa sifongo, na mboji yenyewe kwa joto letu huliwa haraka na vijidudu wa udongoni, kwa hiyo lazima uiongeze kila msimu, kama kulipa deni ambalo mkopeshaji hasahau. Nikauliza miaka ya mwanzo ilikuwaje.

"Mwaka wa kwanza nilivuna aibu. Wa pili aibu na bamia. Marehemu mjomba wako alikuwa anawaita majirani waje waone."

Akaniambia habari ya mwaka 1974, alipokuwa binti wa shule, wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Njaa ilikuwa imebisha hodi, na kila mtu, karani na mwanafunzi, alishika jembe. Alilima sana mwaka ule, anasema, na hakujifunza kitu, kwa sababu walikuwa wanafyeka na kupanda tu, hakuna aliyetazama ardhi inakula nini. Sijui kama wenzake wa darasa lile watakubali, lakini ndivyo anavyokumbuka.

Jioni alinipitisha matutani. Baada ya mchicha huja kunde, na akang'oa shina moja anionyeshe vinundu kwenye mizizi, vidogo kama mtama. Alipokipasua kimoja kwa ukucha ndani kilikuwa cha waridi. Humo mna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuilipa kama kodi ya nyumba. Baada ya kunde, bamia. Kipande kilichochoka kakipanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, maua yake ya njano yakiinama kwa upepo. Atayakatia palepale na kuyafukia. Marejea pia huwapunguza minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi ya nyanya ivimbe kama vidole vya baridi yabisi, na mchanga wa huku wanaupenda.

Ijumaa, lundo

Lundo la mboji tulilianza asubuhi chini ya mwembe. Kwanza vijiti vya mihogo vilivyokatwakatwa, hewa ipite. Kisha majani makavu, majani mabichi, samadi, konzi za jivu na udongo wa juu, maji, na kurudia tena mpaka likanifika kifuani. Kanuni yake ya kipimo ni kubana konzi ya samadi na majani mkononi: maji yakichuruzika umezidisha, yakitoa matone mawili matatu imetosha. Maganda ya jikoni kwake na kwa majirani sita yanaingia humo. Aliwapa ndoo, na sharti moja, kwamba atakayetia nailoni hapati mchicha wa mkopo. Naona huo ni mfumo wa kutenganisha taka bora kuliko wowote niliowahi kuusikia kwenye semina.

Mwisho akachomeka mti mrefu mpaka katikati ya lundo. Ndiyo kipimajoto. Ukiuchomoa baada ya siku mbili tatu ukakuta umepoa, lundo limekufa. Ukikuta moto, linapika, na likifika nyuzi 55 na zaidi mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa havitoki salama. Nilipata malengelenge matatu mkono wa kulia. Nilihesabu.

Mchana nikamtembelea jirani wa upande wa pili, kijana aliyekodi ekari moja ya nyanya. Alikuwa na bomba la kupulizia mgongoni, miwani hana, glavu hana, kitambaa puani. Adui yake ni kantangaze, kiwavi anayechimba vichochoro ndani ya jani na tunda. Aliingia nchini mwaka 2014 na tangu hapo nyanya zimekuwa kamari. Amebadilisha dawa mara tatu msimu huu. Mdudu anazizoea kuliko yeye.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyejenga lundo moja maishani mwake, kwa nini hajaribu mboji na mwarobaini.

"Kaka, mimi nimekodi kwa msimu. Mboji hii unayoisema inakomaa lini?"

"Miezi miwili, mitatu. Udongo wenyewe, miaka mitatu."

"Miaka mitatu mimi nitakuwa Mkuranga. Na mwenye shamba akiona udongo umekuwa mweusi atanipandishia kodi."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikimuwaza mama wa Msimbazi na mgomba wake. Hawa wawili hawajuani, mmoja hapulizi chochote na mwingine anapuliza kila kitu, lakini wote wanalima kwa kalenda ya mtu ambaye anaweza kuwaondoa kesho. Ndani ya kalenda hiyo mchicha ni akili na urea ni akili. Bango la viwanja barabarani, nilianza kuona, linaua minyoo ya udongoni kuliko dawa.

Shangazi naye si mshindi wa kila pambano. Usiku alitwanga mbegu za mwarobaini, nusu kilo kwa ndoo ya lita 10, akaloweka hadi asubuhi achuje na kuongeza sabuni ya kipande kidogo. Hupulizia jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu. Inawaweza vidukari. Kantangaze haimwezi sawasawa, na alikiri bila kung'ata maneno: nyanya za kuuza aliziacha. Hulima miche michache ya kupikia, na nyingine humwachia mdudu.

Jumamosi, sokoni

Tulivuna mafungu sitini ya mchicha umande ukiwa juu. Kumi na nane yalichukuliwa na wateja wake wa simu, wengi wao wa Mikocheni na Masaki, kwa shilingi 1,000 kila moja. Bodaboda aliyapeleka hadi pantoni. Arobaini na mawili yalienda soko la Kigamboni kwa 500, bei ileile ya mchicha mwingine wowote, yakiwa yamelala ubavu kwa ubavu na mchicha wa kijana fulani, wa bonde fulani. Sokoni mboga haina ukoo. Kikundi chao cha wanawake kimeanza taratibu za kukaguana ili wapate ile nembo. Wamegombana mara mbili tayari, na nilimwambia hiyo ni dalili kwamba ukaguzi ni wa kweli.

Jumla, 39,000. Jioni akaniletea daftari, akijua udhaifu wangu. Matumizi ya mwezi: mbegu, nauli, bodaboda, kibarua wa kuchimba. Safu ya mbolea na dawa ina mstari mmoja tu, viroba vya samadi, na kwa mwezi huu umelipiwa na mimi. Faida imejificha kwenye hiyo safu iliyo karibu tupu. Lakini macho ya stoo hayalali. Nilitafuta jina lake mwenyewe kwenye matumizi, ndoo zote zile za maji, alfajiri zote zile, sikuliona.

"Shangazi, wewe mwenyewe hujajilipa."

"Nikijilipa nitajifukuza."

Akafunga daftari.

Jumapili, kabla ya pantoni

Asubuhi aliniita mwembeni. Alichomoa ule mti akanipa upande uliokuwa ndani. Niliushika, nikauachia, nikaushika tena kwa ncha za vidole. Ulikuwa wa moto kama mpini wa sufuria iliyosahauliwa jikoni, na ulinuka msitu. Akaurudisha. Baada ya wiki mbili ligeuzwe, la juu liwe la chini, na hawezi kuligeuza peke yake, kifua kinamsumbua. Nikaandika tarehe kwenye simu. Tukatembea hadi kipande changu, tukapima kwa hatua mahali pa matuta manne ya kuanzia, akachomeka vijiti.

Nilikuwa kwenye daladala, karibu kabisa na Feri, dalali alipopiga. Ana mteja, fedha taslimu, anataka jibu wiki hii.

"Nipigie baada ya Nane Nane," nikamwambia. "Kuna kitu nasubiri pale."

Nilitegemea akasirike. Akacheka kwa furaha kabisa.

"Sawa kaka, subiri. Hata mimi kingekuwa changu ningesubiri. Bei inapanda."